Uso wa Pacha Aliyebaki Chini

Naanza kwa kumsifu Mola, aliyetuumba sote kwa udongo mmoja kisha akampa kila mja uso wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na waliofuata njia yao. Sasa nasimulia. Ninayesimulia ni mimi, lakini anayeshika kalamu ni mke wangu, kwa kuwa mkono wangu hauandiki tena neno linalosomeka. Ameniambia nikizidisha atanikatiza. Nimekubali, maana kwa miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniomba ruhusa ya kunikatiza.

Nilizaliwa Shinyanga mjini. Baba aliuza nguo. Wazee wake walitoka pwani wakifuata biashara, wakaoa, wakabaki. Mama alikuwa Msukuma wa upande wa Tinde. Nilipokuwa ndio kwanza naanza kusimama dede, homa ilinishika, na ilipoondoka iliondoka na miguu yangu. Sikumbuki kutembea, kwa hiyo sikulilia kitu nisichokijua. Mikono ndiyo iliyonifikisha popote: kwanza kwa kutambaa, baadaye kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Watu walizoea kunionea huruma kwa miguu. Hawakujua kwamba mikononi nilikuwa tajiri.

Chuoni, nilikosomea Kurani, mwalimu alisifu mwandiko wangu mbele ya wenzangu. Siku moja akakuta pembeni mwa ubao, karibu na aya, nimechora uso wake pamoja na ndevu. Hakunipiga. Aliufuta ubao kwa maji, taratibu, akaniuliza, "Siku ya Kiyama ukiambiwa uupulizie roho, utapuliza?" Watoto wakacheka. Mimi sikucheka, na hofu ile sijaimaliza mpaka leo. Nilipokuwa mtu mzima niliwasikia wanazuoni wakihitilafiana juu ya picha za viumbe. Wapo walioharamisha zote, wapo waliotofautisha. Nilisimama upande ulionipa chakula, na nilijua kwamba ulikuwa unanipa chakula. Kila asubuhi kabla ya kushika penseli nilisema, Ee Mola, kama hili hulipendi, nionyeshe kwa upole.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu analeta picha ndogo, ile ya kitambulisho. Naichorea miraba midogo juu yake, kisha kwenye karatasi kubwa nachora miraba mikubwa, halafu nahamisha uso mraba kwa mraba, kwa penseli na unga wa makaa. Watu walitundika sebuleni, wakawaonyesha wageni. Zilipokuja simu na maduka ya kuchapa picha, wateja wakakauka. Nikasikia kwamba machimboni Geita watu hawakauki. Tukahama, mimi na mke wangu, mpaka kijiji kimoja cha wachimbaji huko mbele ya Runzewe, ambako hakuna aliyeuliza ulitoka wapi maana kila mtu alitoka mahali.

Huko nilijifunza kuchora watu wasio na picha. Mchimbaji anakuja na jina la utani tu. Akifa, simu yake imefukiwa naye shimoni, na ndugu wanakuja kutoka mbali hawana hata picha moja ya ukubwani. Nikaanzisha desturi ya kuazima. Nawauliza ndugu: pua yake ilikuwa ya nani? Wanamleta mjomba mwenye pua ile, anakaa mbele yangu, naichukua. Macho je? Analetwa dada. Msibani watu walisahau kulia wakabishana.

"Masikio ni ya baba mkubwa!"

"Acha uongo. Ya baba mkubwa yamekaa kama mashikio ya sufuria."

"Na marehemu je? Si ndiyo maana tulimwita Sufuria?"

Walicheka, halafu walilia kwa sababu wamecheka. Uso ukitimia, mama mtu anashika ukuta. Nimeyaona hayo mara nyingi, na kila mara nilimshukuru Mungu kwamba ameniweka mahali ambapo kiwete anahitajiwa.

Nilipanga kibaraza pembeni mwa chumba cha mnunuzi wa dhahabu. Palikuwa mahali pazuri kuliko pote kijijini. Mtu ambaye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, limetema dhahabu anapita pale kuuza, na akitoka amejaa furaha anataka achorwe. Wachimbaji wanakamata dhahabu kwa zebaki, kisha mnunuzi anaiweka kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Alichomea mlangoni, na upepo ulileta kwangu. Moshi wa kuni unaukimbia kwa sababu unakuchoma macho. Moshi wa zebaki hauna harufu, haukuwashi, haukukohozi. Nilikaa ndani yake miaka, nikimjibu mnunuzi salamu.

Mkono ulianza na kope. Kope ni mstari mwembamba kuliko yote, ilitoka imepinda. Nikasema ni baridi. Kisha nikasema ni uzee. Kisha kahawa ikawa inaishia kifuani pangu, na mke wangu akaanza kunifunga vifungo vya kanzu bila kusema kitu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Siku moja nilishindwa kuzungusha baiskeli kutoka msikitini mpaka nyumbani; mikono ilicheza juu ya mashikio kama si yangu. Nilikaa katikati ya njia. Pikipiki zilinikwepa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ninapooza mara ya pili, na safari hii najua ninachokipoteza.

Daktari aliniuliza maswali mengi kuhusu chakula, kisha akauliza jambo lililokuwa rahisi: "Mzee, huwa unakaa wapi kutwa?" Nilipomwambia, aliweka kalamu chini. Alisema nihame hapo. Kuhusu kupona, alisema wengine hupata nafuu, wengine huchelewa, na hakunidanganya zaidi ya hapo. Nilimshukuru kwa hilo.

Nilipomweleza mnunuzi, alicheka. "Mzee wangu, mimi ndiye naichoma kila siku ya Mungu. Mbona mimi sitetemeki?" Akasema hivyo akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, chai ikipiga mawimbi.

Nilihamia chini ya bati la mke wangu, pale alipokuwa anauzia maandazi. Lakini kilichonitesa zaidi ya mkono ni swali: je, ndiyo ile dua yangu imejibiwa? Niliomba nionyeshwe kwa upole. Huu ndio upole? Nilimwendea imamu wetu, mtu mdogo kwangu kwa umri lakini amesoma kunizidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sheikh. Mungu ameuchukua mkono kwa sababu ya zile nyuso."

"Umejuaje?"

"Sasa ni kwa sababu gani?"

"Mkono wako umekula zebaki. Mimi sikuhalalishii picha, nimeshakuambia maoni yangu. Lakini usimsingizie Mwenyezi Mungu kosa la kikaango."

Nilitaka kufarijika. Sikufarijika. Nilirudi nikaweka penseli zote kwenye kopo la maziwa, nikamwambia mke wangu nimeacha.

Ni katika siku hizo ndipo alipokuja mama mmoja Msukuma, mnyoofu wa mgongo, kanga mbili za msiba mabegani. Alikuwa amefuatana na kijana wake, mchimbaji, miguu imejaa vumbi la mwamba.

"Mwangaluka, baba," alinisalimu, kisha akageukia Kiswahili. "Wewe ndiye unayechora waliokufa?"

Nilimwambia nilikuwa mimi.

Wanawe walikuwa mapacha. Wote wawili walishuka duara moja, kwa zamu. Siku duara lilipoporomoka, huyu aliyekuja naye alikuwa juu akivuta kamba, na mwenzake alikuwa chini. Walichimba kifusi, wakakaribia, maji yakaingia, wakakatazwa kuendelea. Pacha yule hakutolewa. Matanga yalikaliwa bila kaburi.

Nilimtazama kijana, nikamwambia mama, "Sasa mama yangu, si ungempiga huyu picha? Uso si ni mmoja?"

"Ndicho ninachomwambia!" kijana alidakia. "Mzee, piga ya simu, andika jina la mwenzangu chini, tumalize. Tena atapendeza, mimi ndiye mzuri."

"Nyamaza wewe," mama alisema, kisha akanigeukia. "Baba, watu wote wanasema uso ni mmoja. Mimi niliwazaa, niliwanyonyesha, sikuwahi kuwachanganya hata gizani. Yule alikuwa na uso wa mtu anayetaka kukuuliza jambo. Huyu ana uso wa mtu aliyekwisha kujibu. Sasa kaburi sina, picha sina. Nina huyu tu, na huyu anamla yule. Juzi nilifumba macho nimwone mwanangu, akaja huyu. Nikifumba tena, huyu. Anafutika, baba. Nichoree kabla hajaisha."

Nilielewa alichokuja kuomba, na nikaelewa kwamba hakuna kazi ngumu kuliko hiyo niliyowahi kuletewa hata nilipokuwa mzima. Desturi yangu ya kuazima haikuwa na msaada. Pua ilikuwa mbele yangu, macho yalikuwa mbele yangu, masikio yote mawili. Kilichokosekana ni ile chembe inayomtenga mtu na ndugu yake, na chembe hiyo hukaa kwenye kope, kwenye pembe ya mdomo, mahali pa mstari mwembamba. Nilikuwa nimepoteza hasa huo.

Nilimwonyesha mkono. Niliunyoosha uchezecheze mbele yake. "Mama, mkono wangu ni mgonjwa. Wako vijana Geita mjini wanaochora vizuri."

"Wa mjini watamchora huyu," alisema. Akakaa kwenye mkeka. Alikaa kama mtu ambaye hana pengine pa kwenda, na kweli hakuwa napo.

Mke wangu alilitoa kopo la maziwa bila kuambiwa, akachonga penseli kwa kisu cha vitunguu. Aliufunga mkono wangu kitambaa na kuuwekea mfuko mdogo wa mchanga, utulie. Nikaanza. Mistari ilitoka kama ya mtu anayechora ndani ya lori linalopita kwenye mashimo. Nilifuta kwa kipande cha ndala, nikachora, nikafuta, mpaka karatasi ikaota manyoya. Uso uliotoka ulikuwa na makunyanzi pande zote.

Kijana alichungulia. "Mzee, umemchora babu yangu. Mungu amrehemu, alikuwa hivyohivyo."

Mama hakucheka. Mimi pia sikucheka, ingawa wakati mwingine ningecheka.

Walirudi kesho yake, na kesho yake tena. Kila nilipomaliza mama alitazama, akasema kwa adabu, "Huyu ni huyu," akimwonyesha kijana wake. Kijana naye alianza kubadilika. Utani ulimwisha. Siku moja alikataa kukaa.

"Mama, nikikaa hapo nikawa yeye, mimi nitakuwa nani? Kijijini wameshaanza kuniita jina lake. Wewe mwenyewe jana umeniita."

"Sikukuita."

"Umeniita, mama."

Nikaona wanakaribia kuumizana, nikauliza jambo ili kuwatuliza: kama walipokuwa watoto waliwahi kubadilishana, kama mapacha wafanyavyo, wakadanganya walimu.

"Walimu ndio," mama alisema. "Mimi hawakuwahi kunidanganya."

"Mara moja," kijana alisema.

Hata mafuta ya maandazi niliyasikia.

"Alipougua malaria," kijana aliendelea, akiangalia chini, "alikuwa anaogopa sindano. Nikaingia mimi badala yake. Ulinishika mkono, ukaniita kwa jina lake, ukaniambia, vumilia ng'wana wane, vumilia mwanangu. Nikavumilia. Sikukuambia kwa sababu ulinipenda sana siku ile."

Mama alisema ni uongo. Alisema tena. Uhakika pekee aliobaki nao duniani ulikuwa kwamba hakuwahi kuwachanganya, na sasa huo nao ulikuwa umetolewa mikononi mwake na mtoto aliyebaki.

"Nionyeshe," alisema mwishowe. "Ulifanyaje? Nionyeshe."

Kijana alikaa. Akashusha mabega. Akainua nyusi kidogo, akaufungua mdomo kiasi cha mtu aliyeshika neno, akainamisha kichwa upande mmoja. Sikuona kitu kikihamia, lakini mtu mwingine alikuwa amekaa mbele yetu. Mama aliziba mdomo kwa kanga.

"Usiondoke," alisema. "Usiondoke, usiondoke."

Hakumwambia aliye hai. Alijikokota mpaka kwangu, akaukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili, kwa nguvu, kama unavyomshika kuku anayetaka kuruka. Tukachora hivyo. Nikivuta mstari, alinizuia nisitetemeke, na mahali pengine alinisukuma mbele ya nilipotaka kwenda. Sijui mistari ipi ni yangu na ipi ni yake. Kijana aliushikilia uso ule hata machozi yalipomteremka, hakupangusa. Nilichora macho na mdomo na mstari wa taya. Nywele na masikio hatukufikia. Nguvu zilituisha wote.

Mama aliiangalia karatasi. Akasema, "Ni yeye." Akaiweka kifuani, upande wa makaa ukagusa kanga, nikamwambia ataifuta, naye akasema hafuti kitu.

Mama alipokwenda kuagana na mke wangu, kijana alibaki akinisaidia kuufungua mkono. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa wake, lakini umechoka.

"Mzee, umemchora nani?"

"Nimemchora uliyenionyesha."

Alikunja kile kitambaa vizuri, kikawa kidogo sana. "Mimi sikumwona," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nilipokuwa nafanya vile, nilikuwa namtafuta, sikumwona. Nikafanya uso ambao mama angeutaka. Nilikuwa naangalia macho yake. Akishtuka, naendelea hapohapo."

Miaka yote ile ya darsa na vitabu, na nilichomwambia kilikuwa, "Nenda na mama yako, mwanangu." Akaenda.

Mke wangu ameuliza hapa kama ni haki kuliandika hilo. Nimemwambia aandike, kwa kuwa hakuna jina la mtu, na kwa kuwa nimelibeba peke yangu nikachoka.

Sikuchora tena. Nilijaribu, lakini bila ile mikono miwili juu ya wangu kilichotoka hakikuwa uso. Kuna asubuhi mkono unatulia kwa muda wa kunywa uji, namshukuru Mungu, kisha unaanza. Nasukumwa kwenda msikitini na waumini wenzangu, kwa zamu, nao hunitania kwamba mimi ndiye tajiri pekee mwenye madereva wengi. Nacheka nao. Ndani yangu kuna kitu hakicheki. Yapo masiku nimemwomba Mola anichukue, kisha nikaomba msamaha kwa kuomba hivyo, kisha nikaomba tena.

Mwaka huu, wakati wa pamba, yule mama alipita kwetu akienda Nkome, ambako mwanawe ameacha machimbo na sasa anaanika dagaa. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniletea viazi vikavu, michembe, kwenye kikapu. Nilimuuliza habari za picha.

"Ipo ukutani. Lakini siihitaji sana sasa, baba," alisema. Akafumba macho mbele yangu, akatabasamu. "Nikifumba namwona. Anakuja mwenyewe, upesi, hata sijamaliza kumwita. Na anakuja vilevile kama ulivyomchora: bila masikio."

Alifungua macho akanitazama kwa shukrani ambayo hakuna mtu amewahi kunipa. Nami nilijua ni nini tulichokifanya. Kama kulikuwa na uzi wa uso wa kweli uliobaki kwake, mkono wangu mgonjwa na huruma ya kijana wake vimeufunika kwa kifusi cha pili, na sasa hautolewi. Au huenda kijana alimwona kweli ndugu yake asijue. Sina wa kumuuliza. Mama alikuwa anasubiri nijibu.

Nilisema, "Alhamdulillahi."

Akaitikia kwa dini yake, akajitwika kikapu, akaenda zake kutafuta gari. Mimi nilibaki nimekaa. Najua tunafundishwa kulitamka neno lile katika kila hali, ya raha na ya shida. Bado sijui siku ile nililitamka kwa hali ipi. Namwachia anayezijua nyoyo.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Mola akuhifadhie viungo vyako na akuzoeze kuvishukuru vikiwa vizima. Waliokutangulia awalaze mahali pema, hata wasio na kaburi. Na wale ulio nao bado, akupe nafasi ya kuwatazama vizuri. Amina.